Sentensi Niliyokataa Kuitafsiri

Vijana wangu wa kwaya na wa kamati ya wageni, nimesikia mnajiandaa kupokea wazungu mwezi ujao, na kwamba mmeshakubaliana mkalimani atakuwa simu. Eti mgeni anaizungumzia Kiingereza, nayo inatoa Kiswahili upande wa pili. Mimi sina ugomvi na simu. Ninayo moja, mjukuu wangu alinifungulia, na kila asubuhi inaniletea picha za maua na mistari ya Biblia kutoka kwa watu nisiowajua. Lakini kabla hamjaiweka mimbarini mahali nilipokuwa nasimama mimi, nipeni nafasi niwaeleze ile kazi ilikuwa kazi gani. Nimestaafu tu, sijafa.

Kwa wale waliozaliwa juzi, mimi ni Josephat Nyamweya wa Sironga, mkulima wa chai. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mkalimani wa wahubiri waliotoka ng'ambo kuja kwenye kanisa letu la mlimani, hapo juu ya Kebirigo. Mhubiri anasema kwa Kiingereza, mimi nasema kwa Kikisii. Tukishuka mjini Kisii, ambako kuna watu wa kila kabila, nasema kwa Kiswahili. Nilikuwa hodari. Mkidhani natia chumvi waulizeni mama zenu, maana kuna wahubiri waliosahaulika majina yao lakini mahubiri yao yanakumbukwa kama mahubiri ya Nyamweya.

Nianze na mambo ya kawaida. Simama kushoto kwa mgeni, nyuma kidogo. Wazungu wengi wakikolea hurusha mkono wa kulia, na mmoja alinipiga na Biblia kwenye sikio mbele ya kanisa zima. Usinywe chai nyingi kabla ya ibada, kwa sababu mgeni hajui kumaliza na wewe huwezi kutoka. Kaa naye kitako jioni ya kabla, akuambie anakwenda kuhubiri nini. Akikuambia Roho atamwongoza papo hapo, mwombe akupe angalau mfano mmoja atakaoutumia, maana mifano ndiyo huua wakalimani. Akitoa sentensi ndefu, vuta koti lake kwa nyuma. Nilivuta makoti mengi na hakuna aliyenikasirikia.

Kuhusu mifano, ngoja niwaambie ya theluji. Nilikuwa bado mgeni kazini. Mhubiri mmoja, mtu mpole sana, akafumba macho akasema neema ya Mungu hutushukia kimya kimya kama theluji usiku, tukiamka asubuhi tunaikuta imefunika kila kitu. Mimi theluji nilikuwa sijaiona hata kwa picha. Nikawaza haraka, kitu cheupe, baridi, kinachotoka mbinguni, nikakipata. Nikawaambia watu kwamba neema ya Mungu hushuka kama mvua ya mawe, asubuhi tukiamka tunakuta imefunika chai yote. Kanisa zima liliguna kwa uchungu. Mama mmoja wa mbele akashika kichwa kwa mikono miwili. Mhubiri akafumbua macho, akadhani wameguswa, akarudia mfano ule kwa nguvu zaidi, nami nikaurudia vilevile kwa sababu sikuwa na mwingine. Wakulima wakaenda nyumbani siku hiyo wakiiogopa sana neema.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Bosire, mkalimani wa kanisa kabla yangu, mtu mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha. Aliposikia habari ya mvua ya mawe alicheka mpaka akakalia ngazi za kanisa. Halafu akanipa sheria yake, na hakuwa na nyingine.

"Nyamweya," alisema, "mgeni amekupa mzigo umbebee. Usiufungue njiani kuangalia kama unaupenda. Ufikishe tu. Akisema upuuzi, peleka upuuzi. Watu wetu wana akili zao, watauchambua wenyewe."

Niliishika sheria hiyo. Nilipeleka maneno ya hekima na nikapeleka upuuzi, na nilisimama kando ya wahubiri walioniudhi nikasema maneno yao kwa sauti ya upole kama yangu mwenyewe. Katika kazi yangu yote sheria ya Mwalimu Bosire niliivunja mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo nataka kuwasimulia. Sijutii hata chembe.

Kwanza niwaeleze ugonjwa wetu, maana bila huo hamtaelewa. Sisi watu wa huku mgeni hatumwambii hapana. Mgeni akiuliza kama kitu fulani kinafaa, tunasema kinafaa sana. Ndiyo maana darasa la watoto pale kanisani lina rangi ya waridi. Vijana wa ng'ambo walikuja na rangi, wakawauliza wazee kama ni nzuri, wazee wakasema haijawahi kuonekana rangi nzuri kama ile, kisha jioni wakakaa wakiangaliana. Hakuna aliyewalazimisha. Wazungu wangekubali hata tungesema tunataka ukuta ubaki udongo.

Na siku hizi nasikia vijana wa pande mbili, na wote wananichosha. Wengine wanasema misaada ya makanisa ya ng'ambo yote ilikuwa ujanja mtupu. Wengine wanadhani bila mzungu hatuwezi hata kufagia kanisa. Mimi niliwaona kwa karibu. Mabati ya kanisa letu yalitoka kwa waumini wa mji mmoja mdogo wa Marekani, watu wa kawaida, wakulima na madereva wa malori, waliouza keki na nguo zao kuukuu ili sisi tusinyeshewe. Vitanda vya akina mama wanaojifungua pale zahanati vilitoka kwao pia. Nawaheshimu. Lakini mtu anayekusaidia bila kuambiwa ukweli atakosea tu, na kosa hilo nusu yake ni letu.

Hivyo ndivyo tulivyopata bwawa la ubatizo.

Zamani tulibatizia mtoni, chini ya mashamba ya chai, pale mto unapokata kona. Wanaume walibatizwa upande wa chini wa kona, wanawake upande wa juu penye mawe, na katikati kuna migomba na matete. Hakuna aliyepanga. Kila mtu alijua pa kusimama na pa kutazama. Wageni wetu wakaona wazee wanateleza kwenye ule mteremko, wakatuonea huruma, wakauliza kama tungependa bwawa la saruji nyuma ya kanisa. Tukasema tungelipenda sana. Likajengwa, zuri kweli, lenye vigae vya bluu na ngazi upande mmoja. Watu wote wanalizunguka na kumwona vizuri anayebatizwa, akiingia mkavu na akitoka nguo zimemganda mwilini.

Kwa sehemu kubwa halikuleta shida. Tulibatiza wavulana siku yao na wasichana siku yao, na maisha yakaendelea. Mpaka alipotaka kubatizwa Mzee Ogeto.

Mzee Ogeto alikuwa jirani wa kanisa, na kwa miaka mingi alikuwa ameligomea. Mkewe, marehemu Moraa, aliimba kwaya na kumwombea mpaka akazeeka. Kila Jumapili mzee alimsindikiza mpaka kwenye lango la kanisa, kisha akasema, "Ingia ukaimbe, mimi nalinda ng'ombe." Hata baada ya kuuza ng'ombe wote aliendelea kusema hivyo. Moraa alikufa hajamwona ndani ya kanisa.

Baadaye mwana wao akaoa. Mke wake aliitwa Kemunto, msichana wa huko Kebirigo, mpole, na mwenye sauti ya kusikika mbali. Mume alikuwa anafanya kazi mbali na nyumbani. Kemunto alikuwa na mazoea ya kusoma Biblia kwa sauti jikoni kwake jioni akisubiri chakula kiive. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia wakati huo. Jioni moja alibeba kigoda chake akakaa nje, chini ya ukuta wa jiko lile, akisema anakimbia upepo.

Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba hakuweza kuingia ndani. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu ya wakwe. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hamgusi mke wa mwanawe, hampi mkono, na wala hawaonani wakiwa wanaoga au wamelowa. Watu wa nje huona kama ni chuki, kumbe ni namna yetu ya kusema kwamba mtu huyu ni wa thamani na simwendei ovyo.

Basi wakaishi hivyo, yeye nje na Kemunto ndani, na ukuta katikati. Kemunto akisoma haraka, mzee anagonga chini kwa fimbo, na Kemunto anapunguza mwendo. Akichelewa kuanza, mzee anakohoa. Hawakuzungumzia jambo hilo hata kidogo. Mpaka jioni moja sauti ikatoka nje ya ukuta.

"Mke wa mwanangu."

"Eee, tata." Tata ni baba kwa Kikisii, na ndivyo alivyomwita.

"Huyo mtu unayemsoma, anapokea wazee?"

Kemunto alinisimulia mwenyewe kwamba aliacha mboga zikaungua. Akajibu, "Anapokea, tata."

Habari zikatufikia kwamba Ogeto anataka kubatizwa, na mlima wote ukafurahi. Ilitokea wakati ambapo Pastor Carl, mchungaji wa lile kanisa lililotupa mabati, alikuwa amekuja na mkewe kututembelea. Aliposimuliwa habari ya ukuta na kigoda, alitoa machozi hadharani. Akasema kwao kuna desturi nzuri sana. Mtu aliyekuleta kwa Kristo huingia nawe majini na kukushika mkono wakati unabatizwa. Akawauliza wazee, je, Kemunto anaweza kufanya hivyo? Mkewe angepiga video, ili waumini wa kwao waone matunda ya msaada wao.

Wazee wakasema inafaa sana.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimetumwa Daraja Mbili kununua ndizi za wageni na kumtafutia Pastor Carl gambuti, na kwa ukubwa wa miguu yake nilizunguka soko lile mpaka wauza viatu wakaanza kunitania. Aliyetafsiri ni mwalimu kijana, na alitafsiri vizuri, hana lawama. Wazee walisema inafaa, naye akasema wamesema inafaa. Kemunto akaitwa akaambiwa, na mbele ya wageni na wazee wote wale angesema nini? Aliinamisha kichwa.

Kwa hiyo siku ya ubatizo nilisimama kando ya bwawa, na kipaza sauti mkononi, nikijua tu kwamba Mzee Ogeto anabatizwa. Nilipomwona Kemunto anashuka zile ngazi kwa kanzu nyeupe, maji yakamfika kifuani, nikadhani labda naye anabatizwa upya. Hakuinua macho. Mama Carl alikuwa ameshika kamera. Wanakwaya wakaimba. Halafu mzee akaletwa, amevaa kanzu aliyoshonewa na dada za marehemu mkewe, fimbo mkononi, akitabasamu kwa aibu kama bwana harusi.

Alifika ngazi ya kwanza. Macho yake hayakuona vizuri, lakini aliona kwamba kuna mtu majini.

"Nani huyo ndani?" akauliza.

Mtu mmoja akajibu, akimwita omogaka, yaani mzee wa heshima, "Ni Kemunto, omogaka. Anakungoja akushike mkono."

Wimbo ulikatika wenyewe. Mzee aliachilia fimbo ikaanguka. Akageuka akampa bwawa mgongo, akavuta ile kanzu akajifunika uso, na akaondoka akipapasa ukuta wa kanisa kwa mkono. Hakuna aliyemshika. Kemunto alijiziba uso palepale majini.

Pastor Carl hakuelewa alichokiona. Aliona mtu amefika mlangoni mwa wokovu akakimbia, na alihuzunika kweli, sikuona unafiki kwake. Akanigeukia.

"Waambie watu tuombe," alisema. "Waambie Shetani amemkamata mzee huyu hatua ya mwisho kabisa, amemfanya amkatae Bwana. Waambie."

Nikanyamaza. Akadhani sikusikia, akarudia.

Nikakifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Pastor," nikasema, "hiyo sentensi siibebi."

Alinitazama kama mtu ambaye gari lake limezimika mteremkoni. "Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli. Na mimi nikiisema kwa Kikisii mbele ya watu hawa, itamkaa mzee mpaka kaburini. Wajukuu wake wataitwa wajukuu wa yule aliyemkataa Yesu bwawani."

"Lakini tumemwona wote akikataa."

"Hajamkataa Yesu. Amekataa kuingia majini na mke wa mwanawe. Kwetu hata mkono hawapeani. Umemwambia achague kati ya Mungu na heshima ya binti yule, na yeye binti yule ndiye aliyemwonyesha Mungu. Amemheshimu mbele yenu wote."

Wazee wa kanisa walikuwa wananikodolea macho. Hawakusikia tunachosema, lakini walijua mkalimani hazungumzi hivyo na mgeni, tena mgeni aliyeezeka kanisa. Mmoja alinikonyeza ninyamaze.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipompenda yule mzungu. Hakubishana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwangalia Kemunto. Akasema, "Mtoeni majini huyo mama." Mkewe alishaiweka kamera chini, akavua shali yake mwenyewe na kuomba leso kwa akina mama, wakamfunika Kemunto wakamtoa. Ndipo Pastor Carl akaniuliza, taratibu, "Mbona hawakuniambia?"

"Wewe ni mgeni."

"Nimekuwa nikija hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Bado ni mgeni, Pastor."

Akalitazama bwawa lake la vigae vya bluu. "Kabla ya hili, mlikuwa mnabatizia wapi?"

Nikamwelekeza mtoni kwa kidevu. Akaondoka pale bwawani, akavaa zile gambuti nilizomtafutia Daraja Mbili, akaanza kuteremka mlima. Mchungaji wetu akamfuata, na watu wakafuata, isipokuwa akina mama waliobaki na Kemunto.

Mimi nilikwenda kumtafuta mzee. Nilimkuta ameketi kando ya njia, mwanzo wa chai, kanzu bado iko kichwani.

"Omogaka," nikamwita.

"Usinitafsirie kitu," akasema.

"Sitafsiri. Nimekuja kukuambia mto uko palepale na mzungu yuko njiani kuelekea huko."

Akauliza, "Na yeye?"

Nilijua anamuulizia nani. "Ametolewa majini. Amefunikwa vizuri."

"Atadhani nimemkatalia maneno yake." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Jioni zote zile alizonisomea. Nyamweya, mimi nilitaka awepo. Sikutaka awe pale alipowekwa, lakini nilitaka awepo. Bila yeye naingia majini nikiwa na nani?"

Niliwahi kubeba mahubiri ya watu wakubwa wenye vyeo virefu, lakini swali la mzee yule halikuwa langu kulijibu. Nikaondoka nikapanda hadi kwa akina mama, nikamweleza Kemunto neno kwa neno alivyosema baba mkwe wake. Alikuwa anajikausha. Akafikiri kidogo tu.

"Mwambie tata ashuke," akasema. "Mimi nitakuwa nyuma ya migomba. Nitasoma."

Kabla sijawaambia yaliyotokea mtoni, nimalize ya kidunia, maana najua kuna wenye wasiwasi kati yenu. Wazee wa kanisa walikaa roho juu kwa majuma mengi. Waumini wa ng'ambo waliahidiwa video, na video haikuwapo. Tena mkalimani amembishia mgeni bwawani. Walisema msaada umekwisha, na aliyeumaliza ni Nyamweya. Kuna mmoja hakunisalimu mpaka mahindi yakakomaa. Halafu Pastor Carl akapiga simu. Alikuwa amesimama mbele ya waumini wake akawaambia hana picha ya kuwaonyesha, akawaeleza kwa nini, na mzee mmoja wa kwao akauliza ule mteremko wa mtoni unateleza kiasi gani. Ngazi za mawe zenye vyuma vya kushikilia, zile mnazopigia picha za harusi, ndiko zilikotoka. Na safari hii walipouliza kama tunazitaka, nilihakikisha wanaojibu ni akina mama. Wakasema ndiyo, lakini zipitie upande wa pili wa migomba. Zikapitia huko. Bwawa nalo halikupotea bure, linamwagilia vitalu vya kabichi, na kabichi zake hazina mfano Nyamira nzima.

Kwa hiyo tumieni simu yenu, sina kinyongo. Itawapa kila neno la mgeni, na haraka kuliko mimi, na theluji itaijua. Ila haitaweza kukataa. Na wazee wakisema inafaa sana, haitainuka kwenda jikoni kuwauliza waliokaa huko kama kweli inafaa. Mtu wa kufanya hivyo lazima awe mmoja wenu, na mchagueni kabla wageni hawajafika. Mchagueni mwenye roho ngumu kidogo. Mwalimu Bosire, kama angekuwapo siku ile, nadhani angekohoa na kutazama pembeni, na baadaye angeninunulia chai.

Sasa mtoni.

Jua lilikuwa limepanda, na maji ya kona ile, mnayajua, ni baridi hata mchana. Mchungaji wetu alisimama upande mmoja, Pastor Carl upande mwingine, gambuti zimejaa maji. Mzee akashuka polepole, tukimshikilia, akifoka kwamba tunamshika kama yai. Wanaume walikaa ukingo wa chini. Juu, nyuma ya migomba, hatukuona mtu, majani tu.

Akafika katikati ya mto akasimama, akainamisha kichwa kama anavyofanya pale kwenye kigoda. Akasubiri. Kisha akakohoa.

Sauti ya Kemunto ikatoka kwenye migomba, inasoma. Ilikuwa ile sauti yake ya jikoni, ya jioni zote, haikupambwa wala kupandishwa kwa ajili ya wageni. Alipofika mahali akaharakisha kidogo kwa woga. Mzee hakuwa na fimbo, akapiga maji kwa kiganja, na Kemunto akapunguza mwendo. Watu walicheka huku wakilia, na mimi pia, sitaficha.

Wakamzamisha. Akaibuka anatema maji, anafuta macho kwa mikono miwili. Tulingoja asifu, au aimbe, au atugeukie sisi tuliomngoja miaka yote ile. Hakutugeukia. Aliipa uso migomba.

"Mke wa mwanangu!"

"Eee, tata."

"Umesikia maji?"

"Nimeyasikia, tata."

"Haya. Kesho jioni uendelee pale ulipoachia."

Pastor Carl akanivuta koti kwa nyuma, kama nilivyokuwa namvuta yeye. "Anasema nini?" akaniuliza. "Nyamweya, wanasema nini?"

Hiyo niliitafsiri.